Damu Potevu

Bangili iliwaka kijani Jumatatu saa tatu asubuhi, mdomo wangu ukiwa umejaa chai.

Tumpe, ambaye meza yake ya kuonjea iko kuliani kwangu, aliiona kabla yangu. Aligonga kijiko kwenye kikombe mara tatu, kama tunavyofanya mtu akipata habari njema, akasema mume wangu leo asipitie kokote akitoka kazini. Nilitema chai kwenye ndoo, nikaandika alama, nikahamia kikombe cha tisa. Sikucheka. Tangu alfajiri nilikuwa natoka damu, tena si matone, na tumbo la chini lilikuwa linanikata. Na hapo mkononi bangili ikawa inawatangazia watu wote kwamba nimeingia siku za kushika mimba na kwamba Alhamisi yai litapevuka.

Kwa bangili damu hiyo haikuwepo. Kwa Kituo cha afya cha wilaya ilikuwepo, ila ilikuwa na jina lake: damu potevu. Damu yoyote inayotoka wakati bangili si nyekundu huitwa hivyo, na ina vidonge vyake vya rangi ya maziwa, viwili asubuhi na kimoja jioni. Mimi nilivimeza mwaka mmoja, nikaviacha kwa siri. Tumpe bado anavimeza, na kila baada ya saa moja huketi chini kwa kizunguzungu. Nusu ya wanawake wa kiwanda wana chupa hiyo kwenye mkoba, na hakuna aliyewahi kuuliza inakuwaje damu ya wilaya nzima ipotee njia namna hii.

Bangili hupewa msichana akivunja ungo, naye huivaa mpaka uzeeni. Husoma joto la ngozi, mapigo ya moyo na chumvi ya jasho, ikapeleka kila kitu Kituo, ambako mtambo hujifunza mwili wako kwa miezi mitatu mitatu. Ukishakujua, unakuambia uko siku ya ngapi. Nyekundu, uko kwenye hedhi, na lango la kiwanda linakuruhusu kubaki nyumbani siku mbili bila maswali. Kijani, yai liko njiani. Nyeupe, siku za kawaida. Bibi zetu waliyajua haya kwa kuhesabu vidole na kujichunguza. Sisi tulifundishwa kuangalia mkono.

Mkono wangu ulisema siku ishirini na nane, mwezi baada ya mwezi, bila kuyumba. Kwa miaka minne mimi na Lusajo, mume wangu, tulifuata kijani kwa utii ambao hata kanisani hatuna, na mtoto hakuja. Damu niliyotolewa mshipani ilionyesha mayai yangu hupevuka kwa shida, kwa hiyo Kituo kikaniweka kwenye orodha ya sindano ya kupevusha. Orodha inatoa nafasi tatu na hufungwa ukitimiza miaka arobaini. Nafasi mbili zilikuwa zimekwisha bure, mimi nina thelathini na tisa, na ya tatu ilikuwa Alhamisi hiyo.

* * *

Mchana wa siku ileile meneja, Bwana Mwaijande, aliniita ofisini akaniwekea karatasi mbili mezani. Alisema alama zangu zinayumba. Kuna siku chai yote ya kiwanda huwa nzuri, na kuna siku mbili tatu mfululizo naandika ukakasi mkali kwenye kila kikombe, hata kile ambacho waonjaji wengine wamekisifu. Wanunuzi wameanza kunung'unika. Akaniuliza, macho yakiwa dirishani, kama siku hizi nakunywa pombe. Alinipa mpaka mwisho wa wiki nieleze, la sivyo nihamie kwenye kufungasha.

Nilitoka pale nimekasirika. Ulimi wangu ndio kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho sijawahi kumwazima mtu. Nikaenda stoo, nikatoa madaftari yangu ya kuonja ya miaka mitatu, nikakaa juu ya gunia na kuanza kuzitafuta hizo siku mbaya moja moja.

Zilikuwepo. Meneja hakukosea. Nikahesabu tangu siku mbaya za kwanza hadi za pili, nikapata thelathini na tano. Zilizofuata thelathini na nne. Kisha thelathini na sita, kisha thelathini na tano tena. Nilidhani nimechanganyikiwa, nikamwita Tumpe anihesabie bila kumwambia anahesabu nini, naye akapata vilevile. Na siku mbili baada ya kila fungu la siku mbaya, pembeni mwa ukurasa, kulikuwa na mwandiko wangu mdogo: tumbo. Au: nimeomba ruhusa, nguo imechafuka. Miaka mitatu nilikuwa nimeiandika hedhi yangu kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua ninaandika nini.

Nikakumbuka na ule ute mwepesi unaovutika, ambao huja karibu wiki mbili kabla ya ulimi kuharibika. Niliwahi kuupeleka Kituo nikidhani ni ugonjwa. Kwa kuwa bangili ilikuwa nyeupe siku hiyo, nilipewa dawa ya fangasi, nikaitumia yote. Sasa nilipopiga hesabu kwenye daftari niliona kwamba ute ule ndio uliokuwa ukiniambia yai langu linakuja, siku ya ishirini na moja hivi tangu damu ianze. Bangili ilikuwa ikienda njia yake na mwili wangu njia yake, na mara moja tu katika kama miezi mitano zilikutana kwa bahati. Nililia pale kwenye gunia. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimechoka kufanywa mjinga na kitu nilichokivaa mwenyewe.

Tumpe aliniuliza bangili inakosea vipi hivyo wakati imetengenezwa na wataalamu. Jibu nililijua, na yeye pia angelijua kama angekaa akafikiri kidogo.

* * *

Mama mkwe wangu, Mama Subilaga, ni mwenyekiti wa wachumaji wa chai. Nilimkuta Jumanne jioni anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, nikachukua kisu cha pili, nikakaa karibu naye nianze kumenya kabla sijasema, maana kwake maneno ya mtu aliyekunja mikono hayasikilizwi.

Kampuni hutoa ruhusa ya msiba siku moja, tena akifa mzazi, mume au mtoto. Kwetu Rungwe ukimzika mtu na kuondoka siku hiyohiyo umemtukana, na ukoo wake hautakusamehe. Siku za mapumziko ya hedhi tulizipata baada ya akina mama, Mama Subilaga akiwa mbele yao, kulala kwenye lango la kiwanda siku kumi na moja. Siku za msiba hawakuzipata. Ndipo yeye akagundua mambo mawili. Bangili huvuliwa, kwa sababu imetengenezwa itoke wakati wa kuoga. Na lango husoma bangili, halisomi uso.

Basi mwenye kufiwa alivaa bangili nyekundu ya mwenzake akaenda msibani, na mwenzake akaingia kazini na bangili ya mfiwa, akachuma majani na tumbo linamuuma. Tuliona ni wema, na ulikuwa wema. Bangili ilirudishwa baada ya matanga, au ilipitia msiba mwingine kwanza, au haikurudi kabisa kwa sababu zote zinafanana. Mimi nilipojaribu kukumbuka niliazimisha mara ngapi, nilifika kumi na tano nikaacha. Na nilipofiwa na mama nilivaa za wanawake watatu, moja baada ya nyingine, nikakaa msibani siku saba. Nilimzika mama yangu kwa siku za hedhi za watu wengine.

Mtambo wa Kituo haukuambiwa. Ulipokea miili mitano chini ya jina moja, ukatafuta wastani wake, na uliposhindwa ukachukua wastani wa wilaya nzima. Ndiyo maana sote tulikuwa wa siku ishirini na nane.

Nilimwambia Mama Subilaga yote hayo, na habari za daftari, na za vidonge vya Tumpe. Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo unataka kwenda kuwaambia," alisema.

"Nataka sindano ichomwe siku yake, mama. Iliyobaki ni moja."

"Na atakayefiwa Jumamosi, ataaga kwa bangili gani?"

Nikasema sijui. Akasema yeye ndiye aliyefunga na kuomba nipate mtoto, hata nisifikiri kwamba hamtaki mjukuu. Ila nihesabu vidole vyangu nyumbani na mume wangu kimyakimya, nikiache Kituo na bangili zake. Nilimjibu kwamba nilishalifikiria hilo, lakini vidole havichomi sindano, na kuhesabu kwangu hakutamwondolea Tumpe kizunguzungu. Hapo akaweka kisu chini. Nilivyomzoea, nikaona hakuwa na hasira tu. Aliogopa kitu, nami nikadhani anaogopea uenyekiti wake.

"Msiba ni wa watu wote," alisema. "Hilo tumbo ni lako peke yako."

Sijawahi kuambiwa neno likanikaa vibaya vile. Nilimaliza ndizi zilizobaki, nikaosha mikono, nikaondoka bila kuaga vizuri.

* * *

Alhamisi nilikwenda Kituo nikiwa na madaftari matatu kwapani na damu ya siku ya nne. Daktari Kibona ni mtu mpole, na upole wake ulinichosha zaidi ya ukali. Ukutani nyuma yake kulikuwa na cheti chenye fremu, kinasema wilaya yetu ndiyo yenye mizunguko ya hedhi iliyonyooka kuliko zote nchini. Alikuwa ameshatayarisha sindano.

Nilimwambia ninatoka damu. Akageuka, akatazama kioo cha mtambo.

"Hiyo ni potevu, dada. Leo yai lako linapevuka. Hapa inaonyesha wazi."

Nikamwambia damu iko hapa kwenye kiti, haiko kwenye kioo, na kama anataka aje aione. Akasema haina haja. Nikamfungulia madaftari nikamwonyesha thelathini na tano zangu, moja moja, kwa miaka mitatu. Aliyapitia kwa heshima, karatasi kwa karatasi, kisha akasema kwamba ulimi si kipimo. Nikamwambia kampuni inauza chai kwa meli nzima kwa kuuamini ulimi huu. Akatabasamu. Nilitamani kumrushia daftari la mwaka juzi, ambalo ndilo nene.

Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye akili, nina sababu gani ya kudhani bangili imekosea, maana haijawahi kukosea kwa mtu mwingine yeyote wilayani. Nilimuuliza badala yake ni wanawake wangapi wanaomeza vidonge vya damu potevu. Alijibu bila kusita, akiona fahari ya kuwahudumia: elfu nne na mia mbili. Nikamuuliza kama haoni ajabu, wilaya iliyonyooka kuliko zote kuwa na damu nyingi namna hiyo isiyojua njia. Akageuka kukitazama kile cheti ukutani. Kwa mara ya kwanza nilimwona anafikiri.

Lakini fomu ni fomu. Alinieleza kwamba nikiikataa sindano lazima kuwe na sababu, na sababu zinazokubalika ni mbili. Akiandika kwamba nimekataa kwa hiari, jina langu linatoka kwenye orodha moja kwa moja, na hakuna atakayeuliza zaidi. Akiandika kwamba kifaa kina hitilafu, nafasi yangu inabaki mpaka nipimwe upya bila bangili. Ila hitilafu moja inaleta ukaguzi. Wakaguzi wangefika kiwandani kesho yake saa sita mchana, wapime bangili za wote, na atakayekutwa na isiyo yake atanyang'anywa mapumziko ya hedhi mwaka mzima.

Akanigeuzia fomu niandike mwenyewe. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi.

Ningependa kusema nilimfikiria Tumpe kwanza, na wale elfu nne. Niliwafikiria, lakini baadaye. Kwanza niliifikiria sindano yangu ya mwisho ikichomwa kwenye mwili unaotoka damu, ikipotea bure kwa sababu niliona aibu kusema. Kisha nikamwona mama yangu siku ile ya kuzikwa, na wale wanawake watatu waliokuwa kazini kwa zamu na bangili yangu wakichuma na maumivu yao ili mimi nikae karibu na kaburi. Niliwaona wote wakiwa wamesimama upande wa pili wa ile karatasi. Nikakasirika kwamba kuna mtu alikaa mahali akatengeneza fomu yenye mistari miwili tu, na katika yote miwili sharti mwanamke fulani aumie.

Nikaandika: kifaa kina hitilafu. Mwandiko ulitoka safi, nami mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kujivunia.

* * *

Nilitoka Kituo nikaenda moja kwa moja kwa Mama Subilaga, asije akasikia kwa mtu mwingine. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Umeandika," akachukua kanga yake akatoka kwenda kuwaarifu wenzake nyumba kwa nyumba.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa wanawake sitini na mmoja kwenye banda la kupimia majani. Wengine hawakunisalimia. Mmoja, ambaye mwezi uliopita nilimwazima bangili akamzike kaka yake, alinigeuzia mgongo kabisa. Mama alikuwa ameshapanga. Kosa ni kukutwa na bangili isiyo yako, alisema, kwa hiyo kabla ya saa sita kila mmoja atakuwa na yake. Akapitisha kapu la kuchumia, tukavua, tukatumbukiza. Akalimwaga juu ya meza ya mizani, akazitawanya kwa kiganja.

"Haya. Kila mtu achukue yake."

Hakuna aliyesogea. Tulizigeuza. Namba iliyokuwa imechongwa ndani ilishafutika zamani kwa sabuni na utomvu wa chai, na kilichobaki ni rangi na siku. Mama akasema basi ni rahisi, kila mtu aseme yuko siku ya ngapi, atafute bangili yenye siku hiyo. Nikaona wanawake sitini wakiinamisha vichwa kutazama mikono yao, na mikono ilikuwa mitupu.

Ndipo ikabidi nizungumze mimi, ambaye hawakutaka kunisikia. Nilihesabu nyekundu pale mezani, zilikuwa kumi na saba. Nikauliza ni nani kati yetu anayetoka damu sasa hivi, si kwa bangili, kwa nguo aliyovaa. Mikono minne, pamoja na wangu, ikainuka polepole. Halafu Tumpe akasema yeye pia anatoka, ila ni potevu, hajui kama inahesabika.

"Inahesabika," nikamwambia. "Ni yako."

Akaanza kulia, akaketi juu ya mizani. Watu watano kwa bangili kumi na saba. Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akiuliza jirani yake ya kwake huja lini kwa kweli, na huwa anajisikiaje kabla. Wengi hawakujua. Wengine walijua kitu kimoja, matiti yanauma, au hasira zisizo na sababu, na walikuwa hawajawahi kukisema kwa sababu bangili haikukitaja.

Mama Subilaga alikuwa amechukua moja nyekundu. Alisema hii anaijua, ina ufa pembeni, hajawahi kuiazimisha tangu apewe mpya mwaka juzi. Alikuwa anaivaa. Mama ana miaka hamsini na saba. Mkwe hamuulizi mama mkwe jambo la namna hiyo, tena mbele za watu, lakini mdomo ulinitangulia.

"Mama, wewe unatoka damu leo?"

Aliendelea kuifunga bangili, ikakataa kufunga, akaishikilia kwa vidole.

"Tangu nipewe hii sijaona hata tone," alisema. Hakusema na mimi, alikuwa anaitazama ile rangi. "Kila mwezi inawaka, nakaa siku mbili nyumbani naingoja damu. Haitoki. Nikajua inabaki ndani."

Nilijaribu kumwambia kwamba hakuna kitu ndani, kwamba umri wake umefika hedhi imekoma yenyewe, kwamba ile bangili mpya ilipelekewa wastani wa wilaya na haikuwahi kumjua hata siku moja. Sidhani kama alisikia yote. Alikuwa ameweka mkono chini ya kitovu, mahali ambapo kwa miaka miwili alikuwa ameibeba damu isiyokuwepo.

"Nimeshamwonyesha Lusajo pa kunizika," alisema. "Nilikuwa nakukatalia kwa sababu hiyo, mwanangu. Nilitaka siku nikifa muwe bado na bangili za kuazimana, mpate wote kuja, mkae na mimi zile siku zote."